Machozi ya Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na majiko na milango kama sisi, Mungu aliwapa bonde lenye neema. Katikati ya bonde akaotesha kichaka cha mbegu, akawaambia, "Kuleni vyote, lakini hiki kiacheni mpaka mvua inyeshe. Humo mtapata mbegu za kupanda."

Ukame ukakolea. Digidigi, mwili kiduchu lakini ujanja umemjaa mpaka kwenye kwato, akashindwa kuvumilia. Akawakimbilia Nyati na Kifaru waliokilinda kichaka.

"Jamani, moto! Nyumba zenu zinaungua!"

Wakatoka mbio, vishindo puu, puu, puu! Waliporudi wakihema, wasiuone moto wala moshi, machipukizi yote ya kichaka yalikuwa yameliwa.

Lakini Mungu alikuwa ameona. "Aliyekula ataishi nje, majabalini, mpaka atubu," akasema, na Digidigi akatolewa, Tembo akapewa kazi ya kulinda lango la bonde.

Huko majabalini njaa haikumsumbua sana Digidigi. Kilichomtesa ni kuuona moshi wa jiko lake kule chini, na kuusikia mchi wa mkewe, twi, twi, twi. Alimkumbuka Mama Tunu mpaka kifua kikamuuma. Hata hivyo, kusema "nimekosa" kulimshinda.

Basi akatunga hila. Mnamjua Digidigi: karibu na kila jicho ana kitundu cheusi kinachotoa majimaji, awe na furaha au asiwe nayo. Akaenda langoni, akainamisha shingo.

"Mzee Tembo, nitazame macho. Anayelia hivi ana haja gani ya maneno?"

Tembo ana mwili mkubwa, lakini moyo wake ni uji. "Pole, mwanangu," akasema, akijipangusa macho kwa mkonga. "Machozi hayo yanatosha. Pita."

Digidigi akashuka mbio mpaka mlangoni kwake. Mama Tunu akaacha kutwanga. Akampokea, akamnawisha mikono, akamtengea ugali na mlenda. Kisha akabaki amesimama.

"Kaa tule, mke wangu."

"Umetubu, Baba Tunu?"

"Nitubu nini?" Digidigi akacheka. "Nimemwonyesha Tembo macho tu, akalia mpaka mkonga ukalowa."

Mama Tunu akampangusa karibu na jicho kwa kidole, akakitazama. Kilikuwa na ute mweusi.

"Haya ni yale ya kila siku," akasema taratibu. "Hata siku ya harusi yetu ulikuwa nayo." Akakifunika chakula kwa kawa. "Acha ningoje. Mume wangu bado hajafika."

Digidigi akabaki pale, ndani ya nyumba yake, karibu kabisa na mkewe, na hamu ya nyumbani ikamshika kuliko ilivyomshika majabalini. Akainuka, akarudi langoni.

"Mzee Tembo, nilikudanganya. Yale hayakuwa machozi. Mimi ndiye niliyekula machipukizi, na ule moto niliuzua mimi. Nimemkosea Mungu, nimewakosea na nyinyi."

Akatoka nje ya lango mwenyewe, akashika njia ya majabalini. Safari hii machozi yalimtoka maangavu kama maji ya kisima, hata njia hakuiona vizuri.

"Unakwenda wapi?" Tembo akamwuliza.

"Nilikohukumiwa kuishi."

"Mungu alisema mpaka utubu." Tembo akasogea kando. "Na mimi, kwa masikio haya yote, nimekusikia."

Nyuma ya Tembo alikuwa amesimama Mama Tunu, aliyemfuata mumewe kimyakimya tangu nyumbani.

"Sasa umefika, Baba Tunu," akasema. "Twende, chakula kinapoa."

Hadithi yangu inaingia nao ndani na mlango unafungwa: mkikosa, wanangu, litajeni kosa lenyewe kwa jina lake, maana toba huanzia hapo.