Ndege wa Paa la Kasiani

"Moto wa asiye na dari huotwa na ndege." Mzee Kyando aliyasema maneno hayo katika kitalu cha miche ya parachichi, huku akiwatazama vijana waliokuwa wakipanda na kushuka kilima kwa ndoo za maji. Walikuwa wakimwagilia tangu asubuhi na miche bado ilikuwa imenyauka. Vijana waliweka ndoo chini. Mmoja akasema, "Babu, sisi tuna shida ya maji, wewe unatuletea moto na ndege. Methali hiyo imetoka wapi?"

Mzee akajitengenezea nafasi juu ya gunia la mbolea. Methali hii, akasema, ina watu wake, na watu wenyewe walianza hivi.

Katika kijiji cha Lugendelo, huku kwetu kwenye baridi, alizaliwa binti mmoja aitwaye Yusta. Alipokua aliolewa Ifakara na fundi mwashi jina lake Kasiani, mtu mpole, mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Waliishi huko hadi mwaka ambao mvua iliiangusha nyumba ya mama yake Yusta. Mama alikuwa mjane, na Yusta ndiye mtoto pekee aliyembakia. Habari ilipowafikia, Kasiani hakungoja kuombwa. Alisema, "Mama hawezi kulala kwa majirani kama mpita njia. Twende tukamjengee, tukae naye."

Akajenga, tena akajenga vizuri. Kuta zilinyooka na sakafu ilisuguliwa hadi ikateleza. Paa alilipandisha juu sana, na kati ya ukuta na mabati akaacha uwazi pande zote, upepo upite. Madirisha makubwa aliyaelekeza bondeni. Upande wa mashariki aliweka kibaraza kipana chenye nguzo nne, cha kuzuia jua lisiingie ndani. Mbao zilipokaribia kwisha, ilibidi achague kati ya dari na kibaraza, naye akachagua kibaraza, kwa kuwa nyumba isiyo na kivuli haikuwa nyumba machoni pake. Mama mtu alipoingia mara ya kwanza alipapasa kuta kwa viganja vyote viwili, kisha akakaa chini sakafuni. "Mungu akuweke, mwanangu," ndilo neno pekee aliloweza kulitoa.

Mwezi wa tano Yusta alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, njiti, mdogo kama mkate. Wakamwita Tulizo. Muuguzi wa zahanati alimfunga kifuani kwa mama yake na kumwambia, "Huyu dawa yake ni maziwa yako na joto. Joto lisimpungukie."

Nanyi mnaijua Lugendelo ya mwezi wa sita. Upepo hupanda kutoka bondeni kama mtu mwenye madai, na asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu, ule umande unaoganda. Ndani ya nyumba nzuri ya Kasiani, Yusta alilala na blanketi tatu na bado aliisikia baridi ikimshukia kichwani. Kasiani akaweka moto katikati ya sebule. Akapata kuni, akaongeza kuni. Alitoka alfajiri na shoka na kurudi na mzigo, na jioni mzigo ule ukawa majivu. Aliyekaa karibu na moto aliungua magoti, huku mgongo wake ukiganda. Moshi nao ukajaa, na Tulizo akaanza kukohoa kikohozi chembamba ambacho Yusta alikisikia hata kilipokuwa hakipo.

Walipompeleka zahanati, muuguzi alisikiliza kifua cha mtoto na uso wake ukabadilika. "Nilisema joto," alisema. "Sikusema moshi. Kama huko kwenu haviachani, mrudisheni Ifakara kwenye jua mpaka apate nguvu."

Yusta hakulala vizuri tena. Kurudi Ifakara maana yake ilikuwa kumwacha mama peke yake katika nyumba ile ya baridi, kwa sababu mama alikuwa amekwisha kusema kwamba hatayaacha makaburi ya watu wake. Kubaki nako kulikuwa kucheza na pumzi za mtoto. Mwishowe wakakubaliana kuondoka, Kasiani akafunga vitu, na mama akasaidia kuvifunga. Yusta alimwona akikunja nepi ileile mara kadhaa, akiikunjua na kuikunja upya.

Asubuhi ya safari walikaa ng'ambo ya njia kungojea gari, mahali palipokuwa na jua. Yusta alikuwa amemfunga Tulizo kifuani chini ya khanga na koti. Tangu ajifungue hakuwa ametoka nje saa kama ile, wala hakuwa ameitazama nyumba yake kutoka mbali. Sasa akaitazama, kama mtu anayeaga. Akaona ndege. Walikuwa wamejipanga juu ya mgongo wa paa, bega kwa bega, wamejivimbisha manyoya na kufumba macho.

"Mama," akasema, "hawa ndege wamekuja lini?"

"Huja kila asubuhi," mama akajibu. "Nilidhani ni baraka ya mtoto."

Yusta akageuka kulitazama paa la jirani yao Sanga, kisha la yule anayefuata. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Mapaa yote yalikuwa meupe kwa sakitu. Lao tu lilikuwa jeusi, limelowa, linatoa mvuke.

"Baba Tulizo, hebu tazama kwa Sanga."

Kasiani akatazama. "Kuna sakitu."

"Na kwetu?"

Kasiani aliinuka. Kisha akavuka njia, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, na kupitisha mkono kwenye ule uwazi aliouacha kwa makusudi kati ya ukuta na mabati. Aliuacha mkono pale. Aliposhuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Huku juu kuna joto kama la Ifakara," alisema. "Joto lote liko huku. Kwetu nyumba isiyopitisha hewa ni tanuri, ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyojenga. Mama, nilikujengea nyumba nzuri, ila niliijengea mahali pengine." Akawatazama ndege. "Kumbe kuni zote zile nimewakatia hawa."

Mama mkwe wake hakucheka. "Moto wa asiye na dari, mwanangu, huotwa na ndege," alisema taratibu. "Lakini nilipokuwa sina paa, wewe ndiye uliyenipa paa. Aliyeweza paa hatashindwa dari."

Gari likaja, dereva akapiga honi. Yusta akamsogelea Kasiani. Akamwuliza mumewe kwa sauti ya chini, "Unaweza kuweka dari kabla gari halijarudi?"

"Linarudi wiki ijayo," Kasiani akasema. "Nikishindwa, tutapanda bila maneno." Gari likaenda zake, na Yusta na mtoto wakakaribishwa kwa mke wa Sanga, katika chumba kidogo chenye dari ya chini, wakae humo kazi ikiendelea.

Mbao za dari hazikuwapo, lakini mianzi ilikuwapo. Sanga alikata katika mianzi yake mwenyewe bila kuulizwa, na kina mama waliokuwa wakijua kusuka matenga wakakaa uani kusuka majamvi mapana ya kuwambwa chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Juu ya majamvi walikandika udongo uliochanganywa na mabua ya ngano. Siku ya kwanza walikosea. Udongo ulikuwa mzito, jamvi likalegea katikati na udongo wote ukamwagika juu ya sakafu ile iliyosuguliwa. Kasiani alikaa juu ya ndoo, amejaa matope mpaka kwenye nyusi, na watu wakadhani atakata tamaa. Akasema, "Tuongeze boriti, udongo tuupunguze," akainuka.

Uwazi wa juu ya ukuta waliuziba, isipokuwa matundu madogo ya hewa. Mama akafinyanga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi nje, na moto wa sebuleni ukakoma. Madirisha ya bondeni yakapunguzwa. Kisha Kasiani akapanda juu ya kibaraza chake, kile alichokipenda kuliko kitu kingine katika nyumba ile, akaanza kung'oa mabati yake moja moja. Yusta alitoka kwa Sanga akamkuta juu.

"Hata kibaraza?"

"Jua la asubuhi linataka kuingia kwa Tulizo," alisema. "Nami ndiye niliyelifungia mlango."

Gari liliporudi halikumpata msafiri. Kasiani alimpa dereva gunia la viazi na kumshukuru kwa kupita.

Usiku wa kwanza walitumia kuni kiasi cha kupikia ugali tu, na nyumba ikakaa na joto lake hadi alfajiri. Kikohozi cha Tulizo hakikwisha mara moja. Kilipungua kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja Yusta akajikuta anasikiliza na hakisikii. Aliogopa, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Tulizo alikuwa amelala tu, amelowa jasho jembamba shingoni, kama watoto wa Ifakara.

Wakati huohuo Kasiani alimwita kutoka nje. Alikuwa amesimama uani, ameinua uso.

"Tumepata sakitu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza mgeni wa heshima.

Paa lilikuwa jeupe kutoka ncha hadi ncha. Ndege walikuwa wamehamia kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambako jiko halizimwi. Mama akatoka naye, akaegemea fimbo yake, na wote watatu wakaitazama ile baridi iliyokaa mahali pake, nje. Yusta alitaka kuwashukuru watu wote waliosuka na kukanda, akaanza kuwataja kwa majina, machozi yakamkatiza njiani. Basi mama akamalizia majina yaliyobaki. Mwisho akasema, "Na wale ndege. Bila wao mngekuwa mmeondoka."

Tangu hapo, Lugendelo na vijiji vya jirani, mtu akihangaika kuongeza bila kutazama kinakopotelea alichonacho, husikia maneno ya mama yule.

Mzee Kyando akanyamaza. Vijana wawili walikuwa wamekwisha kuinuka, wakafuata kingo za matuta wakipapasa ardhi kwa mikono, hadi mmoja akaita kutoka chini kwamba maji yanatorokea mtaroni kupitia kwenye shimo la fuko. Hakuna aliyeinua ndoo tena kabla shimo halijashindiliwa. Mzee akakung'uta suruali yake, akasema kwa utulivu, nao safari hii hawakumwuliza maana:

"Moto wa asiye na dari huotwa na ndege."