Mkeka wa Matroni Agripina

Sogeeni karibu, watu ni watatu na mkeka ni mmoja.

Hospitali moja ilikuwa na mafundi watatu wa kompyuta waliotunza daftari la chanjo za watoto ndani ya kompyuta. Kokunura hakusahau kitu. Mbaruku alijua wakati wa kusimama. Shemsa alipenda unadhifu. Hata kijiko kilicholala upande kilimkosesha raha.

Kila walipobadilisha mpangilio wa daftari, waliandika faili la maagizo lenye namba, na mfumo wa kompyuta ukalifuata. Likishatumika, haliguswi tena. Lakini siku moja Shemsa alilifungua faili la saba, akaona dozi ya pili ya surua imetangulia ya kwanza. Akazipanga upya. Daftari lenyewe, lililokwisha kujengwa kwa mpangilio wa zamani, likabaki vilevile, naye akasahau.

Kokunura ndiye aliyeufundisha mfumo, tangu mwanzo, kuhifadhi alama ya kila faili siku linapotumika, kama alama ya kidole inayotokana na herufi zake zote. Herufi moja ikibadilika, alama hazifanani.

Mbaruku ndiye aliyechagua saa ya kuzilinganisha. "Tukikagua kila mara mfumo unapowaka," alisema, "umeme ukikatika na kurudi siku ya kliniki, mfumo utakataa kuwaka na kina mama watakwama foleni kwa makosa yetu. Tukague kabla ya badiliko jipya. Alama zikitofautiana, mfumo ugome." Na kweli, Jumatatu umeme ulikatika, ukarudi, watoto wakachanjwa.

Jumatano wakaleta faili la kumi na mbili, lililofuata mpangilio mpya wa Shemsa. Mfumo ukagoma: faili la saba si lile lililotumika.

"Labda alama imekosea," Kokunura alisema. "Turuke ukaguzi?"

Wangeruka, tarehe za dozi ya kwanza zingeingia mahali pa dozi ya pili, na watoto wangerudishwa nyumbani eti wamekamilisha. Shemsa akakumbuka. Aliogopa sana, maana mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo.

"Msiruke. Ni mimi niliyeligusa." Akalirudisha faili la saba lilivyokuwa, akaandika jipya la kurekebisha mpangilio.

Matroni Agripina, mkuu wa wauguzi, aliposikia akaleta mkeka aliousuka mwenyewe. "Huu ni wa aliyewaokoa watoto."

"Mpe Kokunura," alisema Mbaruku. "Bila alama ningelinganisha nini?"

"Mpe Mbaruku," alisema Kokunura. "Bila yeye alama zangu zingelala bure."

"Msinitazame," alisema Shemsa. "Mimi ndiye niliyeharibu."

"Na ndiye uliyesema," Matroni akajibu.

Mkataba wa Shemsa uliongezwa, na furaha ipo. Ila mkeka ukikatwa hufumuka. Bado umeegemea ukuta wa ofisi, umepinda kidogo, na Shemsa hathubutu kuunyoosha.

Je, wewe ungempa nani?