Ndoo za Wageni

Dada zangu, niwape mfano huu upesi, maana huyu mgongoni akiamka hatutasikilizana.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, kajifungua mtoto wa kwanza, ana siku nane tu. Mume ni mlinzi, zamu kwa zamu, nyumbani anapita kubadilisha nguo. Wamepanga chumba kimoja. Na yule mama alikuwa anaogopa jamani, anaogopa hata kusinzia. Anaweka kiganja kifuani pa mtoto: anapumua, hapumui, anapumua, mpaka anamwamsha bure, mtoto analia, na yeye analia. Mnacheka? Nani hapa hajamtikisa mtoto aliyelala ajue kama yuko hai?

Basi mama mkwe akapiga simu, nakuja Jumamosi, nitakaa na wewe mpaka arobaini iishe. Ee, furaha! Lakini chumba kimejaa mpaka mlangoni, na hela ya kabati haipo. Yule mama kijana akaanza kazi, na kitovu cha mtoto hakijadondoka. Akamwomba fundi rangi ndoo zake tupu, akazisugua, akajaza vitu, akafunika. Makasha ya nyanya ya sokoni akayabebanisha yakawa shelfu. Kanga iliyochakaa akaishona mifuko mifuko, akaitundika nyuma ya mlango, viatu vikaingia humo. Jirani akamsaidia kuinua kitanda juu ya matofali, mvunguni pakameza ndoo nane. Kumi zilizobaki akazipanga ukutani, juu akatandika vitambaa vya kufuma. Kwa kweli kilipendeza.

Jumamosi mama mkwe huyo hapo mlangoni, na godoro lake dogo amelikunja na kulifunga kamba.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Heee, umepanga! Kila kitu kina mahali pake." Akatazama sakafu, akatazama kulia, kushoto. "Sasa mimi nilale wapi?"

"Kitandani mama, mimi na mtoto tutajibana tu..."

"Nipande kitanda cha mwanangu? Unataka ukoo mzima unizomee?"

Na mnajua kwetu, mzazi halali kitanda cha mwanawe, hata awe anaumwa. Akasema, basi nitalala kwa shemeji yako, nitakuwa nakuja mchana. Mchana! Wakati huyu hofu yake yote ni ya usiku. Yule kijana akamwaga yote: mama usiende, naogopa, nikilala ataacha kupumua.

Mama mkwe akakaa juu ya ndoo. Akaigonga. "Humu mna nini?"

"Sahani nilizotunzwa harusini. Za wageni."

"Hii?"

"Mablanketi. Ya wageni."

"Na zile?"

"Vikombe, mashuka... ni vya wageni mama, sijawahi kuvifungua."

"Ndoo zote kumi?"

"Na za mvunguni."

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akamshika mkono. "Mwanangu, huyo mgeni ni mimi. Nimeshafika. Na vitu vyangu mwenyewe vimenikalia nafasi yangu."

Wakatoa ndoo kumi nje, majirani wakagawiwa sahani na mashuka. Godoro likakunjuliwa. Bibi akampokea mjukuu, akasema, "Lala wewe. Leo pumzi zake nazihesabu mimi."

Je, sisi? Tunalia kwa Mungu, nisaidie naogopa, nimechoka, nitumie mtu. Halafu tunajifungia kupanga. Maneno matamu tumeyafunika yangoje wageni, na mume anakula ukali. Muda wetu tumeuwekea akiba watu wa maana, na mama mzazi akipiga simu tunasema nitakupigia. Ukitutazama kwa nje tunapendeza, tena sana, vitambaa juu! Lakini pa mtu kukunjua godoro hapapo.

Tulidhani Mungu atatuma nini, malaika asiyehitaji pa kulala? Anatuma mtu, dada zangu. Mtu mwenye miguu inayouma, anayekoroma, mwenye maswali mengi. Ndiye huyo tuliyemwomba, na sisi tunamwambia nafasi hakuna, kwa sababu tunamtunzia vyombo.

Usirudi nyumbani leo ukatafute ndoo nyingine. Aliyetumwa kwako unamjua, jina lake limekujia sasa hivi. Amesimama mlangoni na mzigo mkononi. Mpishe aingie.