Noti Iliyopigwa Pasi

Wapendwa, nina mfano mfupi asubuhi hii, na nawaambia mapema kwamba haunifurahishi hata mimi. Niliuandika Alhamisi, nikaufuta, nikaurudia. Kaeni vizuri.

Kulikuwa na mpishi mmoja wa kambi za watalii, huko kaskazini. Siku moja mgeni wake, bibi wa Kimarekani, wakati wa kuagana alimshika mkono akamwachia noti ya dola mia. Wakati ule noti hiyo ilikuwa na heshima yake. Ukiwa nayo mfukoni, hata salamu unaitikia taratibu.

Sasa mnajua tabia ya dola kwetu. Shilingi ikunjike, ilowe, inuke samaki, muuza nyanya anaipokea na chenji anakupa. Dola ikiwa na mkunjo mmoja tu, dada wa dirishani kwenye duka la fedha anaigeuzageuza kama nyama iliyolala, kisha anakurudishia. Kwa hiyo mpishi akaipeleka kwa jirani yake dobi, mwenye pasi ya mkaa.

“Kaka, leo umeniletea shati la wapi?” dobi akamtania.

“Piga polepole, jirani. Ukiiunguza hii, utanifulia bure mpaka tuzeeke.”

Dobi akatandika kitambaa chenye unyevu, akainyoosha noti ile mpaka ikalala vizuri. Malipo hakutaka. Mpishi akaitia ndani ya Biblia yake, kwenye Zaburi, na hapo ikakaa. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Si kwamba hakuwa na shida. Alipenda tu kujua kwamba ipo. Na ninyi mnaocheka huko nyuma, nyumba zenu nazijua.

Jioni moja dobi akaja mbio. Mke wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Zahanati wameshindwa, wanasema apelekwe hospitali kubwa, na mwenye gari anataka hela ya mafuta kwanza.

“Kaka, nikopeshe ile noti. Nitakufulia, nitakulipa kidogo kidogo.”

Mpishi alikuwa amekaa mezani, Biblia iko mbele yake. Akaweka mkono juu ya jalada. “Ile? Ile nilishaibadilisha, jirani. Ilikwenda na ada. Mungu atafungua njia.”

Mungu atafungua njia! Ndugu zangu, ni mara ngapi tumemtwika Mungu mzigo uliokuwa wetu?

Dobi akasema ahsante. Akaenda kuuza pasi yake kwa bei ya kutupa, na gari likaondoka baada ya saa tatu nzima. Mama alipona. Mtoto hakupona. Kwenye mazishi mpishi alikuwa wa kwanza kushika jembe, na rambirambi akatoa: shilingi elfu mbili.

Miaka ikapita. Dobi alikuwa sasa anabeba matofali kwenye majengo ya watu. Mpishi akateleza kambini akavunjika mguu, na daktari akamwambia asipowekewa chuma hatatembea tena sawasawa. Hapo ndipo alipoifungua Zaburi. Akajikokota kwa magongo mpaka duka la fedha, noti haina mkunjo hata mmoja.

Dada wa dirishani akaitazama, akairudisha. “Baba, hizi hatuchukui tena.”

“Lakini ni nzima, mwanangu! Itazame!”

“Naona, baba. Ni nzima, ila ni ya zamani, na sisi tukiichukua hatuna pa kuipeleka. Siku hizi wageni wenyewe wanalipa kwa kadi na simu. Ungeileta miaka ile, ungepewa hela yako hapo hapo.”

Akajaribu duka la pili, na la tatu. Majibu ni yale yale. Akakaa kwenye ngazi, jua la saa saba linamwakia kichwani, na simu yake ikalia. Ujumbe: amepokea shilingi elfu sitini. Jina la aliyetuma ni la yule dobi. Akampigia.

“Jirani, hela hii...”

“Nimesikia habari za mguu, kaka. Si nyingi, ndiyo niliyokuwa nayo leo.”

“Jirani, siku ile, ile noti...”

“Najua. Kona yake ilikuwa inachungulia kwenye Biblia. Niliiona wakati unanijibu. Nenda hospitali, kaka.”

Mnasikia? Miaka yote ile walikuwa wakisalimiana kila asubuhi, na mmoja wao anajua.

Wana wa Israeli walipoilaza mana mpaka asubuhi, iliingia funza. Noti hii haikuingia funza. Ilibaki safi kabisa, na hilo ndilo linalonitisha. Unaweza kukitunza kitu vizuri sana, kisipate doa, na siku yake ya kufaa ikawa imeshapita. Siku ya noti ile ilikuwa jioni ile, pale mezani.

Na sisi je? Tunasema huyo alikuwa mtu wa zamani, wa kuficha noti. Zamani ilikuwa afadhali! Zamani ukisema “sina,” sarafu zilikulilia mfukoni, mtoto wako akakuumbua. Leo hela imeingia kwenye simu, haina mlio, haina kona ya kuchungulia. Unasema “sina salio” huku simu iko mkononi, na anayeomba hawezi kujua. Tumekuwa waongo wasioonekana, wapendwa. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo tulivyo.

Jumatano mama mmoja wa usharika huu alikuja ofisini kwangu. Alihitaji nauli ya kumpeleka mumewe kliniki. Nilimwambia, “Mama, sina kabisa, tuombe.” Tukaomba. Nilifumba macho nikamwombea njia, na hela ilikuwa kwenye simu hii hapa. Mama huyo yumo humu ndani, na tangu nianze kuhubiri sijaweza kumtazama.

Wanakwaya, kaeni kwanza. Sadaka tutatoa, ila si sasa. Kila mmoja atoe simu yake, amtafute yule aliyemwambia hana. Mimi nashuka madhabahuni. Mama, usisimame, nakuja hapo ulipo.