Jina la Mtoto wa Subilaga

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana nikimaliza nitamtaka kila mmoja wenu jibu. Na asiniambie mtu kwamba wote wamefanya vizuri. Hilo nimeshalisikia na halinisaidii.

Kulikuwa na hospitali huko milimani yenye kompyuta kumi na moja, na wanawake watatu walifanya kazi humo. Atupele alikuwa msimamizi wa kompyuta, na kipaji chake kilikuwa utulivu. Mashine ikigoma na watu wakipiga kelele, yeye huuliza taratibu, "Mara ya mwisho uligusa nini?" Sekela wa mapokezi kipaji chake kilikuwa ukweli. Ukimuuliza kama gauni lako limekupendeza, jiandae. Mama Tusekile, karani wa masjala, kipaji chake kilikuwa chai. Msicheke. Ikifika saa tatu asubuhi, ofisi nzima inamsubiri yeye.

Jumatano moja asubuhi aliletwa Subilaga, mjamzito wa uzazi wa kwanza, akivuja damu vibaya. Kundi lake ni O hasi, na kwenye jokofu la hospitali haukuwepo hata mfuko mmoja wa damu hiyo. Wachangiaji wa kundi hilo walikuwa watatu tu, na namba zao za simu zilikuwa ndani ya kompyuta. Muuguzi alikimbilia masjala, akakuta kufuli jekundu limejaa kwenye skrini. Kirusi kilikuwa kinafunga mafaili, kinatoka kompyuta hii kinaingia ile.

"Dokta anasema tuna nusu saa," alisema muuguzi, machozi yakimlengalenga.

Atupele alichomoa waya uliounganisha kompyuta zote, kirusi kikakosa njia. Kisha akaikumbuka diski ya pale masjala, iliyohifadhi nakala za mafaili yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyeibandikia karatasi: USICHOMOE. Kama ilikuwa imechomekwa, basi nayo imeshafungwa.

Lakini kwenye soketi ya diski kulikuwa na birika.

"Mama Tusekile, umeichomoa diski?"

"Nisamehe, mwanangu. Soketi ni moja, na watu wanataka chai."

Kumbe kila siku, karatasi ikimwangalia, mama huyu alichomoa diski, akachemsha chai, akairudisha. Siku hiyo kirusi kiliingia saa tatu na robo, maji yakichemka. Diski ilikuwa salama.

Hapo akaingia Dokta Mwasomola, mganga mfawidhi. "Chomeka hiyo diski, upesi!"

"Siwezi, Dokta."

"Unasemaje?"

"Sijui kompyuta ipi ni safi. Nikichomeka kwenye mbovu, namba zote zinapotea."

"Mgonjwa anakufa, Atupele!"

"Najua, Dokta. Ndiyo maana sichomeki." Aliikumbatia diski kifuani. Akauliza swali lake, kwa sauti ileile ya kila siku: "Nani amechomeka kitu leo asubuhi?"

Watu walitazama viatu vyao. Wiki mbili kabla, Dokta alikuwa ameapa kikaoni kwamba atakayechomeka flashi yake kwenye kompyuta ya hospitali atafukuzwa siku hiyohiyo.

"Ni mimi," alisema Sekela. "Video ya harusi ya mdogo wangu. Nimewaonyesha watu hapa masjala, kule mapokezi, na maabara. Ya famasi nilikuta imezimwa. Haijawashwa tangu jana."

Atupele alikwenda famasi mbio. Baada ya dakika sita namba zikaonekana. Mchangiaji wa kwanza hakupokea. Wa pili hakupokea. Wa tatu, seremala Ambakisye, alipokea, akaja na pikipiki akiwa bado na vumbi la mbao kichwani. Subilaga akapona, na mtoto wa kike akalia kwa nguvu zote.

"Huyu ataitwa jina la mwanamke aliyeniokoa," alisema Subilaga. Ambakisye alicheka, akasema yeye basi amejitoa.

Tangu hapo wodini hakukaliki. Mmoja anasema ni Atupele, kwa sababu angemtii Dokta, namba zingepotea. Wanamjibu kwamba karatasi yake ingefuatwa, namba zingepotea vilevile. Mwingine anasema ni Sekela, aliyeitoa kazi yake mbele ya watu ili mama asiyemjua aishi. Anaulizwa, na kirusi alikileta nani? Wapishi wote wako upande wa Mama Tusekile, kwamba bila birika kusingekuwa na diski ya kugombania. Lakini muuguzi anauliza kama mtu anaweza kusifiwa kwa jambo ambalo hakujua analifanya.

Kesho asubuhi Subilaga anaruhusiwa kwenda nyumbani. Muuguzi ameshika kalamu juu ya fomu, na nafasi ya jina bado iko wazi. Atupele yuko famasi anasafisha kompyuta. Mama Tusekile anachemsha maji. Sekela amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Dokta, anasubiri barua yake.

Mimi nimemaliza. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, chukua kalamu hiyo. Je, ungeandika jina la nani?