Punda Arobaini wa Mbuga ya Olosira

Amri ya serikali ilikuwa fupi: punda wote wanaozurura katika mbuga ya Olosira wakamatwe, wapakiwe lori, wapelekwe machinjioni. Bibi Siteti alikuwa na punda watano humo, waliombebea maji, wamechanganyika na thelathini na watano wa porini.

"Nitawajuaje wako?" aliuliza Bwana Erasto Mwakalukwa, Afisa Mifugo.

"Wewe ndiye msomi, mwanangu," alijibu Bibi, huku akimkung'uta vumbi la safari kwenye koti.

"Punda wa mtu humfuata mwenyewe," alisema afisa, karani wake akiwa kando na daftari. "Asiyemfuata mtu ni wa porini."

"Karani, andika hivyo," alisema Bibi. "Basi tangulia wewe, afisa, nisije nikaambiwa nimewaroga."

Bwana Mwakalukwa alicheka, akaenda hatua kumi. Punda wote arobaini wakamfuata. Alipokimbia, nao wakakimbia. Tangu aajiriwe hakuwahi kupendwa hivyo na mnyama yeyote.

"Loo, kumbe ni wako!" alisema Bibi. "Karani, kulisha mbugani bila kibali adhabu yake nini?"

"Miezi sita jela," alisema karani, kalamu mkononi.

"Si wangu!" alipiga kelele afisa. "Andika ni wa huyu bibi! Wote! Na kibali mpe!"

Alitia sahihi juu ya mgongo wa punda. Bibi Siteti akaikunja karatasi, kisha akaingiza mkono katika mfuko wa koti la afisa.

"Na magadi yangu nayachukua, mwanangu. Punda wangu arobaini hawajalamba chumvi leo."