Uhai wa Komwe Saba

Hapo zamani, katika mji wa Mwambisho, palikuwa na Sultani aitwaye Darweshi, ambaye ujanani alipigana vita mara moja, akashinda, na tangu siku hiyo akawa anapigana akiwa ameketi.

Ikawa kila alasiri hutandikwa mkeka barazani, akakaa yeye na wakubwa wa mji, na Waziri Badawi akawa msimulizi. Waziri husema, "Umeingia pangoni, Maulana, na mbele yako pana zimwi lenye shoka. Wafanyaje?" Naye Sultani husema afanyalo shujaa wake wa kubuni, kisha hurusha dadu, na dadu ndiyo huamua. Mbele ya kila mchezaji huwekwa komwe sitini, zile zile za bao, nazo huitwa uhai wa shujaa. Shujaa akipigwa, komwe huondolewa. Zikiisha amekufa, na mwenyewe huenda zake nyumbani amenuna.

Basi siku moja akaja Ngwali, mshona makubadhi, fukara ambaye kazi yake aliijua kwa kufumua viatu vya watu na kuvishona upya, na hasira yake hakufundishwa na mtu. Alileta makubadhi ya Sultani, akaambiwa angoje. Akangoja, akatazama. Akamwona shujaa wa Sultani anapigwa shoka la kwanza, komwe zikatoka. La pili, zikatoka. Hata la saba, na shujaa bado anarukaruka na kulitukana zimwi. Ngwali akaguna.

"Nani huyo aliyeguna?" akauliza Sultani.

"Mimi, Maulana. Nauliza tu: hizo komwe ni nini?"

"Ni uhai," akasema Waziri.

"Uhai wa wapi? Kama ni nyama, mtu aliyekula mashoka saba keshakuwa kitoweo. Kama si nyama, mbona zikiisha anakufa? Na mbona akibakiwa na moja anapigana sawasawa na alipokuwa na sitini? Mimi najua kiatu ni kizima au kimechanika. Hiki chenu sikijui."

Wakubwa wa mji wakatazamana. Hapakuwa na aliyejua, nao walikuwa wakicheza mwaka wa sita.

Sultani akaghadhibika, akasema, "Wewe uliyetia fitina katika mchezo wangu, wewe ndiwe utakayejibu. Nakupa siku tatu. Uniletee uhai wa mtu hapa kiganjani mwangu, komwe kwa komwe, nijue kila moja ni kitu gani. Na mwenye uhai huo asife, wala asitokwe na tone la damu. Ukishindwa utapigwa mashoka saba kama shujaa wangu, nasi tutahesabu utabakiwa na ngapi."

"Taib, Maulana," akasema Ngwali.

Akarudi kwake. Mkewe, Bi Zuwena, alipoyasikia aliketi chini.

"Mume wangu, hukuweza kuguna nyumbani?"

"Niliulizwa, nikasema kweli."

"Kweli yako hiyo itakuja kutuzika. Sasa utafanyaje?"

"Sijui," akasema Ngwali, na usiku huo na uliofuata hakulala. Lakini alfajiri ya siku ya tatu akaanza kuyarudia maneno ya Sultani moja moja, kama apapasavyo mshono kutafuta ulipoachia, na alipofika kwenye neno "mtu" akasimama hapo. Mtu gani? Hakutajwa.

Basi akaenda, akawakuta wote barazani, na mwenye shoka kasimama kando, shoka limenolewa.

"Umeleta?" akauliza Sultani.

"Nimeleta, Maulana, lakini hautoki ila kwa mapigano. Chukua upanga wako unipige wewe mwenyewe, kama shujaa wako apigavyo."

"Nawe utashika nini?"

"Sishiki kitu."

"Na nikikukata?"

"Basi nimeshindwa, na yule bwana arudi na shoka lake nyumbani, maana kazi yake utakuwa umeimaliza."

Sultani akapendezwa, akautwaa upanga. Ngwali akamwinamia Waziri, akamwambia, "Shika komwe saba. Kila nitakaposema 'moja', weka moja mkekani. Usiniulize."

Sultani akarusha pigo. Ngwali akazunguka nguzo. Likaja la pili, akazunguka nyingine. Na baraza ile ilikuwa na nguzo ishirini. Walipozimaliza, Sultani alikuwa akivuta pumzi kama mvukuto wa mhunzi. "Moja ya pumzi," akasema Ngwali. Waziri akaweka.

Likaja pigo kwa nguvu zote, upanga ukauma nguzo, na kuuchomoa ikawa kazi ya mikono miwili. "Moja ya nguvu." Kilemba kikafunguka, Sultani akakikanyaga mwenyewe, akapiga goti, ilikuwa ni bahati mbaya tu, naye Ngwali akasema, "Moja ya bahati." Kisha Ngwali akakaa kitako ukingoni mwa birika la maji lililokuwa uani, akangoja, akasema, "Taratibu, Maulana, sina haraka." Hapo Sultani akapandwa na hasira, akapiga hewa mara tatu bila kutazama, mkono ukafa ganzi. "Moja ya akili, na moja ya mkono." Waziri akaweka mbili.

Sultani akasimama katikati ya ua, akamtazama Ngwali, akazitazama zile nguzo ishirini, na upanga ukamponyoka.

"Basi," akasema. "Nimekwisha mimi."

"Na moja ya moyo," akasema Ngwali. Akaziokota zile sita, akaufungua mkono wa Sultani, akazitia kiganjani. "Huo hapo uhai wa mtu, Maulana. Hukuniambia wa nani. Damu haikutoka, na mwenyewe hakufa."

Sultani akazitazama. "Niliagiza wote. Ya saba iko wapi?"

"Anayo Waziri. Hiyo ndiyo nyama, Maulana. Kwa jinsi ulivyo sasa, hata kikongwe mwenye kisu cha jikoni angeichukua. Ningekuletea nayo, lakini uliamuru mwenyewe asife."

Mwenye shoka akaliweka chini polepole. Sultani akaketi pale pale sakafuni bila kilemba, mbele ya wakubwa wote, akaona haya. Kisha haya ikageuka kicheko, akacheka hata akashika mbavu. Akaamuru Ngwali apewe joho na nyumba ya mawe, na kwamba toka siku hiyo shujaa akipigwa mchezoni, msimulizi aseme kilichopotea ni pumzi, au bahati, au moyo, na damu isitajwe mpaka komwe ya mwisho.

Kisha akamwuliza, "Nawe, Ngwali, katika kukimbia kote kule, ulipoteza ngapi?"

"Hata moja, Maulana. Sita zilikwenda siku ile ulipotaja shoka. Leo nimekimbia na ile ya saba."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Mwambisho, na asiyeamini azunguke nguzo ishirini kwanza, ndipo aje abishe.